Mkalimani wa Lugha ya Alama Chuoni: Nani Analipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama hapa Dodoma. Maswali haya nayapata kwa wazazi, kwa wanafunzi viziwi, kwa watumishi wa vyuo na kwa wakalimani wenzangu. Mengine huja kwa ujumbe wa simu, mengine kwa video, na huwa mengi zaidi miezi ile ya udahili. Nimeyapanga kadiri yanavyoulizwa, kwa hiyo usishangae swali zito kukaa jirani na jepesi.

Mwanangu ni kiziwi na amechaguliwa chuo kikuu hapa Dodoma. Mkalimani nitamlipa mimi?

Hapana. Na nakusihi, mzazi mwenzangu, usianze hata kwa wiki mbili za "kumshikiza mtoto". Mzazi akishaanza kulipa, ofisini jambo hilo linahesabika limekwisha. Hakuna tena barua ya kujibu wala mwanafunzi wa kumfuatilia, na utaendelea kulipa hadi mahafali.

Wengi humwona mkalimani kama msaidizi wa mwanafunzi, wakati mhadhiri naye anamhitaji kwa kiwango kilekile. Mhadhiri asiyejua lugha ya alama, mbele ya mwanafunzi asiyesikia, hafundishi, anaongea tu. Mkalimani ndiye anayelifanya somo lifike. Kwa hiyo yeye ni sehemu ya gharama ya kufundisha, na anastahili kukaa fungu moja na projekta na vipaza sauti. Hakuna mwanafunzi anayeambiwa aje na kipaza sauti chake.

Majibu mengi yaliyobaki hapa chini yanatokana na hilo.

Sheria inasemaje? Kuna kifungu ninachoweza kumwonyesha mtu ofisini?

Vipo vitatu vya kushika mkononi.

Cha kwanza ni Katiba. Ibara ya 11 inampa kila raia uhuru wa kutafuta elimu katika fani anayopenda, hadi kufikia upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Uwezo unaotajwa pale ni wa mtu, na uwezo wa masikio haukutajwa.

Cha pili ni Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Inakataza ubaguzi na inampa mtu mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wengine. Sheria hiyo inaunda pia Mfuko wa Taifa wa Watu wenye Ulemavu. Watu huniuliza kama mfuko huo utamlipa mkalimani wa darasani. Ushauri wangu ni kwamba usiutegemee kwa muhula unaoanza Oktoba. Anza na chuo.

Cha tatu ni Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwezi Novemba 2009. Ibara yake ya 24 inagusa elimu ya juu moja kwa moja: nchi inatakiwa kuhakikisha watu wenye ulemavu wanaipata bila kubaguliwa, na marekebisho yanayofaa yanafanyika kwa ajili yao. Ibara ya 9 inawataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma. Ukiandika barua, taja ibara hizo mbili kwa namba. Nimeona barua ile ile ikibadilishiwa meza baada ya kuongezwa namba.

Ongeza na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Huo si sheria, lakini mtumishi wa umma huuogopa mkakati wa wizara yake kuliko mkataba uliosainiwa ng'ambo.

Bodi ya Mikopo inalipia mkalimani?

Vipengele vya mkopo vinavyofahamika ni chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Mkalimani hayumo. Yale "mahitaji maalumu ya kitivo" huwachanganya wengi, lakini yanahusu vifaa vya kozi, mambo kama koti la maabara, na hayahusu mahitaji ya mtu mwenye ulemavu. Mwongozo hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo soma wa mwaka wako. Usisome wa kaka yako.

Kuna wanaopigania kipengele cha mkalimani kiongezwe kwenye mkopo. Nawaelewa, kwa sababu fedha za Bodi angalau hutoka. Lakini mimi siungi mkono. Mkopo hurudishwa: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe. Mkalimani akiingizwa kwenye mkopo, mhitimu kiziwi atakuwa analipa deni kubwa kuliko wenzake wote wa darasa lake, kwa shahada ile ile, na tofauti yao itakuwa ni kwamba wao wanasikia. Ikiwa Serikali itaamua fedha zipitie Bodi, basi ziwe ruzuku isiyorudishwa.

Basi tutumie boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo?

Piga hesabu kwanza. Fedha ya kujikimu ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23. Hiyo ni 70,000 kwa wiki, ya kula na kulala. Ukisoma jibu la gharama hapa chini utaona kwamba boom ya wiki nzima haimalizi hata siku mbili za ukalimani unaofanywa inavyotakiwa. Nawafahamu wanafunzi waliochangishana boom kumlipa "kitu kidogo" mtu wa kuwatafsiria. Wakaanza kushinda na mlo mmoja, na yule mtu akaacha kuja katikati ya muhula kwa sababu kitu kidogo nacho hakikumtosha.

Lakini kuwa kiziwi kunanisaidia kupata mkopo wenyewe?

Ndiyo. Ulemavu wa mwombaji ni miongoni mwa vigezo vya kipaumbele, ila lazima uthibitishwe. Unahitaji uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Nenda kwanza kliniki ya masikio, pua na koo ukapimwe usikivu, ukiwa na karatasi ya majibu ndipo uende kwa mganga mkuu. Ukianza na mganga mkuu atakurudisha kliniki, na ukiwa umekuja kutoka Mpwapwa au Kondoa hiyo ni nauli ya pili.

Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na fomu ya ulemavu yafanane herufi kwa herufi. Viziwi wengi majina yao yaliandikwa shuleni kwa kukisia, kwa sababu mwandikishaji alimuuliza mtoto na mtoto hakusikia swali. Likague hili mapema.

Toa nakala kadhaa za uthibitisho huo. Utauhitaji tena chuoni.

Mkalimani anagharimu kiasi gani hasa?

Bei moja ya nchi nzima siwezi kukutajia. Ninachoweza kukuonyesha ni namna ya kuhesabu, na namba ninazotumia ni za mfano tu.

Tuseme una masomo matano, kila moja saa tatu kwa wiki, na semina za saa tatu. Jumla ni saa 18. Muhula tuupe wiki 15: unapata saa 270. Tuseme mkalimani analipwa 10,000 kwa saa. Mtu mmoja kwa muhula ni shilingi milioni 2.7. Wakalimani wawili, na hapa chini nimeeleza kwa nini wawe wawili, ni milioni 5.4. Kwa mwaka wa mihula miwili ni milioni 10.8. Kwa wiki moja ni 360,000, iweke kando ya ile 70,000 ya boom.

Hapo hujaweka mitihani, mafunzo kwa vitendo, vikao na msimamizi wa utafiti, wala nauli. Chuo Kikuu cha Dodoma kimetawanyika vilimani. Mkalimani mwenye kipindi saa nne ndaki moja, yaani kitengo kimoja cha chuo, na kingine saa tano ndaki nyingine hawezi kufika kwa miguu. Bodaboda ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo, la sivyo zitatoka mfukoni mwake, na baada ya mwezi utaanza kusikia "leo nimechelewa kidogo".

Sasa geuza hesabu. Wanafunzi viziwi wanne wakiwa kozi moja na mkondo mmoja, wakalimani ni walewale wawili, na ile milioni 10.8 inakuwa milioni 2.7 kwa kila mwanafunzi. Ndiyo maana ofisi ya udahili na ofisi ya ratiba zinaweza kuokoa fedha nyingi kuliko mfadhili yeyote. Chuo kinachowatawanya viziwi wanne kwenye mikondo minne halafu kikalalamika kwamba ukalimani ni ghali, kimejitakia. Nasema mkondo, sisemi kozi: mtu asilazimishwe kusoma ualimu wakati anataka takwimu, eti kwa sababu mkalimani yupo ualimu.

Kwa nini wakalimani wawili? Mbona kwenye taarifa ya habari anaonekana mmoja?

Taarifa ya habari ni fupi na imeandikwa tayari. Mhadhara ni saa mbili, mhadhiri anaongea Kiingereza, anachomekea Kiswahili, anageukia ubao, anacheka na darasa, anarudi nyuma. Mkalimani anasikiliza sentensi ya sasa huku akitoa iliyopita, tena kwa lugha ambayo sarufi yake si ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Baada ya dakika 20 hivi akili huanza kuchoka kabla ya mikono. Kwa nje huoni kitu, mikono bado inakwenda, lakini maneno yanadondoka: "si lazima" inakuwa "lazima", mwaka unabadilika, mfano unarukwa. Mwanafunzi hana namna ya kujua. Atajua kwenye mtihani.

Wakiwa wawili wanapokezana, na yule aliyepumzika hapumziki kabisa: anamsaidia mwenzake neno lililompita. Kwa semina ya saa moja mmoja anatosha. Kwa mhadhara mrefu, mmoja ni kubana matumizi kwenye sikio la mtu mwingine.

Mdogo wangu anajua alama tangu utoto. Si anaweza kunitafsiria?

Kwa sokoni, hospitali ya dharura na ugeni wa nyumbani, sawa, na Mungu ambariki. Kwa shahada, hapana. Kwanza naye ana maisha yake. Pili, alama za nyumbani ni za nyumbani. Nje ya familia yenu hazieleweki, na hazina alama za nadharia ya gharama wala katiba ya Marekani. Tatu, ndugu huchuja. Mhadhiri akimsema mwanafunzi, ndugu analainisha. Mwanafunzi akiuliza swali kali, ndugu analipunguza makali. Mkalimani wa kazi hutoa kilichosemwa, kiwe kitamu kiwe kichungu, na hatoki nacho nje ya chumba.

Swali hili hunijia pia kutoka vyuoni, likiwa limevaa suti: "Hatuwezi kumtumia mwanafunzi mwenzake aliyesoma elimu maalumu?" Mwanafunzi huyo ana masomo yake. Siku ana jaribio lake, kiziwi atakaa na nani?

Ombi langu nilipeleke lini?

Hili ndilo linaloangusha wengi, kuliko sheria na kuliko ubahili.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Bajeti ya chuo cha umma huandaliwa miezi mingi kabla. Wewe unafika chuoni Oktoba au Novemba, unapeleka barua, na unayempelekea anakujibu ukweli mtupu: fungu halipo. Fedha za mwaka huo zilishapangwa kabla hujapata hata matokeo ya kidato cha sita.

Kwa hiyo peleka maombi mawili, si moja. La kwanza ni la haraka: muhula huu chuo kitumie fedha za ndani, au kiazime mtumishi anayejua lugha ya alama kutoka idara ya elimu maalumu kama ipo, kwa saa zilizopunguzwa kwenye kazi yake ya kawaida na si juu ya kazi yake. La pili ni la bajeti ijayo, lipelekwe kabla ya Krismasi, likitaja saa, wiki na idadi ya wanafunzi. Ofisa mipango hawezi kuweka "msaada kwa viziwi" kwenye bajeti. "Ukalimani, saa 540, wanafunzi wanne" anaweza.

Walio kidato cha sita wasisubiri kufika. Ukithibitisha udahili tu, andika. Kama kuna kisanduku cha ulemavu kwenye maombi, kijaze. Wapo wanaokiacha wazi kwa kuogopa kukataliwa, halafu chuo hakina habari nao hadi siku ya usajili.

Barua iandikweje?

Fupi. Iende kwa Makamu Mkuu wa Chuo kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara yako. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mwanafunzi kiziwi wa mwaka wa kwanza, shahada ya elimu. Natumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Naomba chuo kinipatie wakalimani wawili kwa vipindi vyangu vyote, saa 18 kwa wiki, pamoja na mtu wa kuniandikia notsi, kwa mujibu wa Sheria Na. 9 ya 2010 na Ibara ya 24 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ratiba yangu na uthibitisho wa daktari nimeambatanisha. Naomba majibu kwa maandishi kabla ya wiki ya tatu ya muhula."

Baki na nakala yenye muhuri wa masijala na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri, barua hiyo haikuwahi kuwepo.

Kwa nini umeweka mtu wa notsi? Mkalimani si anatosha?

Jaribu kumtazama mtu usoni na mikononi kwa saa nzima bila kuangalia chini, halafu niambie umeandika nini. Kiziwi akiinama kuandika mstari mmoja, sentensi mbili zimempita. Mwanafunzi mwenzake mwenye mwandiko mzuri anaweza kuifanya kazi hii kwa posho ndogo na fedha ya kutoa kopi. Huu ndio msaada wa bei nafuu kuliko yote, na ndio unaosahaulika zaidi.

Chuo kimejibu hakina fungu. Nifanye nini?

Omba jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi jibu lenyewe hulainika mtu anapotakiwa kulisaini.

Kisha shirikisha watu. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kina tawi hapa Dodoma, na mara nyingi kinawafahamu wakalimani waliopo na vyuo vilivyowahi kulipa. Serikali ya wanafunzi nayo ina wawakilishi kwenye vikao vya chuo ambavyo wewe huingii. Ikishindikana kabisa, sisi wa Dodoma tuna bahati ya ukaribu: Wizara ya Elimu iko Mtumba, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina makao yake makuu katika jiji hili hili. Mwanafunzi wa Mtwara hutuma barua. Wewe unapanda daladala.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi kwenye chuo kimoja, sitakitaja, ambako tuliambiwa posho "iko kwenye mchakato" mpaka muhula ukaisha. Mwenzangu aliacha mapema. Mimi nilibaki kwa sababu ya wale wanafunzi, na sijui kama nilifanya vizuri: kila nilipofika bila kulipwa, chuo kilipata ushahidi kwamba mambo yanakwenda.

Ile asilimia mbili ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu?

Hiyo ni sehemu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo ya shughuli za kiuchumi. Si ya ukalimani wala ada. Usipoteze muda huko kwa jambo hili, ingawa ukihitimu ukataka kufungua stationari, rudi ukawaone.

Vyuo binafsi je?

Mkataba na sheria haviishii kwenye geti la chuo cha umma. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana hapa mjini, kwa mfano, kinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu kama vingine. Tofauti ni kwamba chuo binafsi huishi kwa ada, na kiziwi mmoja akija na wakalimani wawili ada yake imekwisha kabla hajafungua daftari. Kwa vyuo hivyo gharama inabidi igawanywe kwenye ada ya wote. Kwenye chuo cha wanafunzi 3,000, ile milioni 10.8 ya mfano ni shilingi 3,600 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka.

Siku hizi simu inaandika maneno yenyewe. Kwa nini tusitumie programu tukaokoa fedha?

Tumia, lakini kama nyongeza. Programu hizo huandika Kiingereza vizuri kiasi, lakini mhadhiri anapochanganya Kiswahili zinaandika vituko. Ukumbi ukiwa na mwangwi na wanafunzi mia nne, simu iliyo safu ya tano inaokota zaidi vikohozi. Pia zinamtaka mtu asome Kiingereza kwa kasi ya maongezi, na viziwi wengi walifundishwa Kiingereza na walimu wasiojua alama. Na swali la mwanafunzi linarudije kwa mhadhiri?

Walioziwika ukubwani, ambao Kiswahili na Kiingereza wanavyo tayari kichwani, huzipenda sana. Kwao maandishi yanaweza kufaa kuliko mkalimani. Waulize wenyewe.

Kuna jambo lolote la bure ambalo chuo kinaweza kufanya?

Yapo mengi. Mhadhiri atume slaidi siku mbili kabla. Nilikuwa kwenye somo la takwimu ambako neno moja refu la Kiingereza lilirudiwa kipindi kizima. Halina alama inayojulikana, kwa hiyo nililitaja kwa herufi za vidole. Nikimaliza herufi ya mwisho, mhadhiri yuko sentensi ya tatu mbele. Kipindi kilichofuata tulikaa na wanafunzi kwa dakika tano tu kabla, tukakubaliana alama yetu ya muda, na somo likatembea. Slaidi zingekuja mapema, kile kipindi cha kwanza kisingepotea.

Jingine ni taa. Kipindi cha jioni umeme ukikatika, wenye kusikia wanaendelea gizani huku mhadhiri akipaza sauti. Kiziwi hapo hana darasa. Vipindi vyake vipangwe mchana, au chumba kipewe taa ya akiba. Na mkalimani asisimame dirishani; jua la Dodoma la saa tisa likiwa nyuma yake, mwanafunzi anaona kivuli chenye mikono.

Wakati wa field?

Hapo ndipo mipango mingi hukatika, kwa kuwa bajeti iliandikwa kwa ajili ya madarasa tu. Andika saa za mafunzo kwa vitendo kwenye ombi lako la mwanzo. Mwalimu mtarajiwa anaweza kuomba apangiwe shule yenye wanafunzi viziwi, na hapo kwa kiasi kikubwa hahitaji mkalimani. Mwenye akili zaidi chumbani kwa lugha hiyo ni yeye. Wa uhasibu au mipango ajadiliane mapema: pengine mkalimani wa siku mbili kwa wiki, siku za vikao, na siku nyingine maandishi.

Nikipata nafasi ya kusoma Uingereza, serikali yao italipia?

Uingereza ina posho ya wanafunzi wenye ulemavu, isiyorudishwa, ambayo hulipia wakalimani. Lakini ni kwa wanafunzi wa kwao. Mwanafunzi wa kigeni aliyekwenda kwa viza ya masomo haipati. Kwako anayehusika ni chuo chenyewe au mfadhili wako. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una utaratibu wa kugharamia mahitaji ya ulemavu, kwa hiyo yataje kwenye maombi bila kuona haya. Kumbuka pia wakalimani wa kule wanatumia lugha ya alama ya Uingereza, na utahitaji muda wa kujifunza. Marekani kuna Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichoanza 1864 mjini Washington, ambako mafunzo hutolewa kwa lugha ya alama ya Kimarekani na mhadhiri mwenyewe hutumia mikono yake.

Kwa jirani, Chuo Kikuu cha Kyambogo nchini Uganda hufundisha ukalimani wa lugha ya alama kwa ngazi ya stashahada. Nawatajia hasa wenzangu wanaotaka kusomea kazi hii badala ya kuipata kwa kuzaliwa jirani na shule ya viziwi.

Mimi ni mkalimani. Nidai mkataba wa aina gani?

Wa maandishi, wenye saa, kiwango, tarehe ya malipo na nauli. Weka ndani yake muda wa maandalizi. Saa moja ya somo gumu inaweza kuhitaji nusu saa ya kusoma. Weka pia malipo ya kipindi kilichoahirishwa bila taarifa, kwa sababu ulishafika. Ukilipwa kwa huduma chuo kitakata kodi ya zuio asilimia 5, dai hati yake. Ukiajiriwa, kuna michango ya hifadhi ya jamii ambayo kwenye posho huioni. Chuo chenye viziwi watatu au zaidi kila mwaka kingefanya vyema kuajiri, maana kazi ya posho huwafukuza wazoefu na kila Oktoba mnaanza na mtu mpya.

Siku ya mtihani ninahitaji mkalimani? Nani ataandika kwamba hatanisaidia majibu?

Unamhitaji kwa maelekezo ya mdomo: marekebisho ya swali, muda uliobaki, ukurasa uliokosewa kuchapwa. Nimeona mtihani ambao swali la nne lilirekebishwa kwa sauti na kiziwi pekee ndiye aliyejibu lile la zamani. Mkalimani akae mbele, ajulikane na msimamizi, na asaini fomu ya usiri kama wasimamizi wengine. Jina lake liingizwe kwenye orodha ya watumishi wa mtihani pamoja na malipo yake. Kama atakuwa hayupo, msimamizi aandike kila tangazo ubaoni kabla ya kulitamka.